Programu ya Kuokoa Faili Haipimwi kwa Flashi Tupu
Juzi fundi mmoja alinakili picha kwenye flashi mpya, akazifuta, akazirejesha zote, na waliomzunguka wakaisifu programu yake. Sifa hizo zimeniudhi. Kesho mpiga picha wa harusi atainunua kwa kuziamini, na kadi yake imeshaandikwa na kufutwa miaka.

Kwenye flashi tupu, faili hukaa klasta baada ya klasta bila kukatika. Ukiifuta katika FAT32, mfumo huweka E5 mahali pa herufi ya kwanza ya jina na kuufuta mnyororo wa klasta. Ukubwa na klasta ya kuanzia kwa kawaida hubaki. Basi hata programu dhaifu itaanzia hapo, isome mbele mpaka ukubwa utimie, na itapatia. Imekisia tu, na mpimaji ndiye aliyeipangia jibu.

Kipimo cha haki huanza kwa kuivuruga kadi. Ijaze faili ndogondogo mpaka ikatae, futa moja uache moja, kisha nakili video na picha kubwa ili zilazimike kugawanyika kwenye mianya. Chukua hashi ya SHA-256 ya kila faili, futa, halafu toa imeji ya kadi nzima. Kila programu ipewe nakala yake ya imeji hiyo. Asiyefanya hivyo hapimi. Kwenye kipimo hicho ndipo utakapomwona bibi harusi mwenye uso kamili, na kuanzia kifuani ni kijivu kitupu au mistari ya picha nyingine.

Kukatika huko wala si balaa adimu. Mtafiti Simson Garfinkel alichunguza diski za mitumba zaidi ya 300, na mwaka 2007 akaonyesha kwamba karibu JPEG 16 katika kila 100 zilikuwa zimekatika. Aliona pia kwamba nyingi hukatika vipande viwili tu, akabuni njia ya kujaribu kila urefu wa pengo la katikati huku akihakiki kila jaribio kama picha inafunguka. Huo ndio ufundi.

Matapeli nao wana lao. JPEG ya kamera hubeba kijipicha ndani ya EXIF, karibu na mwanzo wa faili. Programu yao inakuonyesha hicho, kisafi kabisa. Ukishalipa unapewa picha iliyokufa. Nyingine hukihesabu kuwa picha kamili, mpaka zilizookolewa zinazidi zilizofutwa. Hesabu hashi zinazolingana, basi.

Na wanaoiga faili iliyoharibika kwa kuifungua kwa Notepad na kufuta herufi mbili tatu, waache. Diski hupoteza sekta nzima, baiti 512 au 4096: andika sifuri juu yake, urefu wa faili usibadilike. DOCX ipige mkiani, maana ni ZIP, na orodha ya ZIP hukaa huko. Programu bora huijenga upya kutoka vichwa vya ndani.

Amri ya UNDELETE ya MS-DOS 5, mwaka 1991, ilikuuliza herufi ya kwanza ya jina kwa kuwa haikuwa nayo. Siku hizi zipo programu zinazobuni jina na kunyamaza, nami sizikubali hata zikiokoa faili nyingi kuliko nyingine. PhotoRec ya Christophe Grenier huipa faili namba ya sekta ilikoikuta, na namba hiyo naweza kuifuata kwenye imeji nikaona mwenyewe faili ilikatikia wapi.