Safari ya Albarracín hupangwa kinyumenyume

Wasafiri wengi huanza na tiketi ya ndege. Kwa Albarracín, mji wa kale wenye wakazi wapatao 1,000 mashariki mwa Hispania, utaratibu huo hukwamisha safari. Mji hauna reli, na Teruel, makao makuu ya mkoa, hauna treni ya moja kwa moja kutoka Madrid. Mpangaji mzuri huanza na kilomita 38 za mwisho, kati ya Teruel na Albarracín, kisha hurudi nyuma.

Kuna njia mbili zinazofaa. Ya kwanza ni treni ya kasi kutoka Madrid hadi Zaragoza, treni ya kawaida hadi Teruel, kisha basi. Mabasi ya kupanda huko ni machache, kwa hiyo saa ya basi ndiyo inayoamua treni ipi ipandwe, na treni huamua ndege. Ya pili ni gari la kukodi, ambalo huachwa bondeni, kwani vichochoro vya juu ni vya miguu.

Kisha zije saa za mji wenyewe. Maduka mengi hufungwa saa nane mchana na kufunguliwa tena saa kumi na moja. Chakula cha usiku huanza saa tatu. Anayefika adhuhuri na kuondoka jioni hukuta makufuli, ndiyo maana kulala usiku mmoja ni lazima. Asubuhi ya kwanza mgeni apande ukuta hadi mnara wa Andador. Kabla ya saa nane mchana aone kanisa kuu kupitia ziara za Fundación Santa María, taasisi inayosimamia ukarabati wa majengo ya kale. Mchana, maduka yakiwa yamefungwa, aupitishe vichochoroni, kwenye nyumba za jasi nyekundu kama Casa de la Julianeta. Asubuhi ya pili ni ya msitu wa misonobari wa Pinares de Rodeno, penye michoro ya miambani iliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 1998.

Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo baridi ya Januari ni kali. Wakati wa Pasaka vitanda huisha mapema.

Mtanzania au Mkenya anahitaji visa ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, hadi siku 15 kabla, na bima ifikie euro 30,000. Kwa kuwa uthibitisho wa malazi hudaiwa kabla ya visa kutoka, chagua chumba kinachoruhusu kughairi bila kulipa.