Viambishi Awali vya Kiingereza katika Sikio la Kiunguja

Kiambishi awali ni kipande kinachotangulia mzizi na kuigeuza maana ya neno. Mtoto wa Unguja anakijua kabla hajaingia darasani: mtu, kitu, utu na jitu ni mzizi mmoja uliobadilishiwa mwanzo. Edward Steere, mmisionari aliyezikwa katika kanisa la Mkunazini, alikuja na Kiingereza chake, na katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichochapwa mwaka 1870 akazipanga nomino kwa kutazama mianzo yake. Njia hiyo inapitika pia kwa kurudi, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza.

Haja ya kuipita ni kubwa. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mwanafunzi anayejua kwamba “vertebrate” ni mnyama mwenye uti wa mgongo hahitaji kukariri “invertebrate”. In- imeshamwambia kuwa uti haupo.

Viambishi vinne, un-, re-, in- na dis-, ndivyo vinavyobeba zaidi ya nusu ya maneno yenye viambishi awali katika vitabu vya shule vya Kiingereza. Kwa hiyo vianzwe hivyo.

Un- ina kazi mbili. Kwenye kivumishi hukanusha: “happy” ni mwenye furaha, “unhappy” hana. Kwenye kitenzi hutangua tendo, na hapa ndipo Mswahili hupotea njia, kwa sababu lugha yake hutangua mwishoni. Mlango hufungwa ukafunguliwa, mkeka hukunjwa ukakunjuliwa, chungu hufunikwa kikafunuliwa. Kiingereza hufanya kazi hiyohiyo mwanzoni: “lock” na “unlock”, “fold” na “unfold”, “cover” na “uncover”. Jicho lililozoea kusubiri mkia wa kitenzi lifundishwe kutazama kichwa.

In- huwatisha wengi kwa kuwa hubadilika sura: “impossible”, “illegal”, “irregular”. Walimu wengine huandika ubaoni viambishi vinne, na hapo mzigo huongezwa bure. Kiambishi ni kimoja. Midomo hujifunga mapema kuisubiri p, na n ikawa m; mbele ya l na r, n humezwa kabisa. Msemaji wa Kiswahili hufanya jambo la namna hiyo kila siku: husema nyumba nzuri, lakini nyumba mbaya, wala hasemi “nbaya”, na nyumba yenye urefu huiita ndefu, si “nrefu”. Mwalimu akianzia hapo, somo linakuwa nusu limekwisha.

Re- ni tena au upya: “build” ni kujenga, “rebuild” kujenga upya, neno linalohitajika kwa jumba la Beit el Ajaib la Unguja tangu sehemu yake iporomoke Desemba 2020. Dis- hukanusha au hutengua: “agree” ni kukubaliana, “disagree” kutokubaliana.

Tahadhari ni kwamba si kila mwanzo ni kiambishi. “Uncle” ni mjomba au ami; ukiondoa un-, kinachobaki si neno. Kiswahili nacho kina kitabu: ki yake imo katika mzizi wa Kiarabu, ila Waswahili waliisikia kama kiambishi wakapata vitabu. Mara nyingine kinachobaki hakisimami peke yake lakini ni mzizi kweli, kama -ject ya “reject”, inayoonekana tena katika “inject” na “eject”.

Kosa la hatari kuliko yote liko kwenye matangi ya mafuta. “Inflammable” inayoandikwa juu yake haina in- ya kukanusha. Maana yake ni kwamba kitu hicho kinashika moto upesi.