Chuma Kisicho na Jamaa

Mzamiaji anayeshuka na mtungi wa hewa mgongoni katika maji ya Zanzibar kuitafuta Pegasus hushuka na sura ya meli akilini, akakuta vipande. Manowari hiyo ya Kiingereza ilizamishwa na Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914. Mizinga yake ikaopolewa ikaenda kupigana nchi kavu, na miaka mingi baadaye chuma chake kikauzwa chakavu. Meli ya vita haifi mara moja. Hilo C. S. Forester hakulijua, au hakutaka kulijua, alipoandika The African Queen (1935).

Katika riwaya hiyo, meli ya Kijerumani iliyo ziwani ina kazi moja tu: kuzamishwa. Filamu ya John Huston ya 1951, ipendwayo kuliko kitabu, huilipua kwa kishindo. Kisa cha kweli ni kitamu zaidi. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa katika makasha hadi Kigoma, ikaungwa upya. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, baada ya kuzipaka mashine zake grisi nzito, kama mtu afukiaye hazina akitaraji kurudi. Hawakurudi wao. Waingereza waliiopoa 1924, na tangu 1927 ikabeba abiria na shehena kwa jina la Liemba.

Hata Ziwa Nyasa, ambalo milima ya Ludewa hulitazama kutoka juu, lilikuwa na kisa chake. Tarehe 13 Agosti 1914 Guendolen ya Waingereza iliipiga mizinga Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa pwani kutengenezwa huko Sphinxhafen, Liuli ya leo, na nahodha wake hana habari kwamba vita vimeanza!

Juu huko, Liganga, kuna chuma kinachokadiriwa kuwa tani milioni 126, kilichozungumzwa kwa miaka mingi kuliko kilivyochimbwa. Lakini Wapangwa wa nchi hiyo walikuwa wakiyeyusha chuma kabla ya meli yoyote ya moshi kufika ziwani, na tanuri kwao lilikuwa mwanamke: chuma hutungwa, hubebwa, huzaliwa, na wafuaji hushika miiko. Sitiari hiyo ina uzito kuliko ya Forester, maana kilichozaliwa kina jamaa, na kikizama kuna wa kukililia.

Kwa Forester chuma hakina jamaa, wala nchi haina watu. Ufundi anao, safari ya kuteremka mto imesimuliwa vizuri mno, na ile injini kongwe ya mashua imeandikwa kwa mapenzi. Ila upweke wa mto ule umepatikana kwa hila. Katika kurasa za mwanzo jeshi la Wajerumani huwazoa wanakijiji wote, mishenari hufa, na Waingereza wawili hubaki peke yao. Wapagazi, ambao bila ya mabega yao vita ile isingesogea hatua, hawana sura wala sauti. Wanakijiji wale hawarudi tena kuwa wahusika, hata siku meli inapozama.