Miaka Saba Iliyombeba Ehrlich

Anayejifunza takwimu za uhalifu hachelewi kukutana na makala ya Isaac Ehrlich ya Juni 1975 katika American Economic Review, na dai lake kwamba kila hukumu ya kifo iliyotekelezwa Marekani huenda iliepusha mauaji saba au manane. Kuingiza kwenye mlinganyo uwezekano wa kukamatwa na wa kutiwa hatiani ilikuwa kazi safi, na tuishie hapo. Kilichoharibu mambo ni uamuzi mmoja: kuchukua takwimu za nchi nzima za 1933 hadi 1969, kuzitia zote kwenye logi, kisha kuiachia miaka ya mwisho iuburute mlinganyo mzima.

Tuifuate logi hatua kwa hatua, maana hapa ndipo walimu wengi hupita mbio. Mwaka 1935 zilitekelezwa hukumu 199. Mwaka 1963, 21. Mwaka 1966, moja tu. Kwa hesabu ya kawaida, anguko la kwanza ni la 178 na la pili ni la 20. Kwenye logi asilia mambo yanapinduka: la kwanza linakuwa takriban 2.25, la pili 3.04. Miaka mitatu ya kuelekea sifuri imezidi uzito wa miaka 28 iliyotangulia! Mwaka 1968 na 1969 hakutekelezwa hata moja, na kwa kuwa sifuri haina logi, ikabidi 1 iwekwe mahali pake. Mtetezi atasema Ehrlich alitumia uwiano wa waliotekelezewa hukumu ya kifo kwa waliotiwa hatiani, si idadi tupu. Ni kweli, ila uwiano nao ukikaribia sifuri, logi huuvuta vilevile.

Sasa, miaka hiyo iliyopewa nguvu ilikuwa miaka gani? Kati ya 1963 na 1969 mauaji yalipanda kutoka 4.6 hadi 7.3 kwa kila watu 100,000. Unyang'anyi, ambao ni nadra mno kumfikisha mtu kwenye kiti cha umeme, ulipanda zaidi ya maradufu, na wizi wa magari haukubaki nyuma. Kitu kikubwa kilikuwa kinaipandisha jinai yote, hata Michigan, iliyoachana na adhabu ya kifo kwa mauaji tangu miaka ya 1840. Ukirudi nyuma, kuanzia katikati ya miaka ya 1930 hadi ile ya 1950, utekelezaji ulipungua na mauaji nayo yakapungua. Wakosoaji wa Ehrlich, Bowers na Pierce, kisha Passell na Taylor, walipoikata ile miaka saba ya 1963 hadi 1969, athari ya kuzuia mauaji ikayeyuka.

Wapo wanaoona kuwa kukata data mpaka matokeo yapendeze ni udanganyifu, na kwamba miaka iliyokatwa ndiyo yenye tofauti kubwa za kupimia. Hoja ina uzito. Lakini tofauti hizo zilitokea pamoja na kila kilichobadilika Marekani katika muongo ule, na mlinganyo wa miaka 37 ya taifa moja hauna njia ya kuvitenganisha. Mtafiti Thorsten Sellin, mwaka 1959, aliliona tatizo hilo bila rigresheni yoyote: aliiweka Michigan karibu na Ohio na Indiana, majirani wanaofanana, akatazama viwango vyao vinavyopanda na kushuka pamoja. Hakudhibiti uwezekano wa kukamatwa, na Ehrlich alikuwa na haki ya kumkosoa kwa hilo. Hata hivyo Sellin alikuwa na kundi la kulinganishia, kitu ambacho logi haiwezi kukizalisha.

Makala ya Ehrlich ilitajwa mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani na wakili wa serikali, Robert Bork, mwaka huohuo wa 1975, kabla wakosoaji hawajachapisha. Jopo la Akademia ya Taifa ya Sayansi lilipotoa ripoti mwaka 1978 lilisema tafiti za athari ya adhabu ya kifo hazina ushahidi wa kutegemewa, na jopo jingine la mwaka 2012 likafikia hapohapo kwa tafiti zilizofuata. Bado kozi zetu humfundisha mwanafunzi kusoma jedwali la koefisienti kabla hajachora grafu moja ya mwaka kwa mwaka, ambayo ingemwonyesha ile miaka saba kwa macho.