Kabla ya Zege Jipya

Nguzo ya zege ikianza kuliwa na kutu, dalili huja polepole. Kwanza ni ufa mwembamba unaofuata nondo kutoka chini kwenda juu, kisha doa la kahawia kwenye rangi, halafu siku moja kipande cha zege kinabanduka na chuma kinabaki wazi. Pwani yetu, kutoka Mombasa hadi Mtwara, imejaa nguzo za namna hii, na tiba iliyozoeleka ni kupiga lipu juu ya kutu ileile, kupaka rangi na kudai malipo. Mafundi ninaowaheshimu mimi ni wale wanaoshinda kwenye nguzo kutwa nzima pasipo kugusa hata koleo moja la saruji. Kazi yao ni kuondoa na kusafisha, na ikikamilika hakuna atakayeiona tena, kwa kuwa inafunikwa.

Fundi wa aina hiyo huanza na sikio. Anashika nyundo ndogo, anagonga nguzo kuanzia chini, akipanda kwa hatua za upana wa kiganja. Zege zima hutoa mlio mkavu, mfupi, na nyundo inaruka kurudi. Zege lililoachana na nondo kwa ndani hulia kama debe. Akifika mpakani mwa milio hiyo miwili anagonga tena, juu kidogo, chini kidogo, ndipo anachora kwa chaki. Nilisimama karibu na mzee mmoja wa kazi hii jijini Dar es Salaam, nami nimetega sikio, na eneo alilolizungushia chaki lilikuwa pana kuliko jeraha lililoonekana kwa macho. Saidia fundi wake akauliza, "Mzee, hata hapa? Mbona pazima?" Akapewa nyundo agonge mwenyewe.

Sababu ya upana huo iko ndani. Zege lenye afya lina alkali nyingi, pH yake ikiwa 12 hadi 13, na katika hali hiyo nondo hujivika utando mwembamba unaoikinga na kutu. Chumvi ya bahari, iwe imeletwa na upepo au ilikuwamo tangu mwanzo katika mchanga wa ufukweni, huutoboa utando huo. Kabonidioksaidi ya hewani nayo hupenya taratibu na kuishusha pH hadi chini ya 9. Kutu ikishaanza, hudai nafasi mara mbili hadi sita ya chuma ilichokila, na zege, ambalo ni hodari likibanwa lakini dhaifu likivutwa, hupasuka. Mhandisi makini hunyunyiza fenofthaleni kwenye zege palepale linapovunjwa: penye alkali panageuka rangi ya waridi, palipoipoteza hapabadiliki. Lakini dawa hiyo haioni chumvi. Chumvi hutafutwa kwa kutoboa kwa drili, kina baada ya kina, na kupeleka unga wake maabara.

Kabla tindo haijagusa nguzo, mzigo lazima utafutiwe pa kuegemea. Jeki za chuma hutegwa chini ya boriti, kwenye ghorofa hiyo na zile za chini yake hadi ardhini. Wenye majengo wengi huziona jeki hizo kama gharama ya kupunguza, na hilo hunisikitisha. Zege jipya likimiminwa huku nguzo imebeba kila kitu, halipokei mzigo wa zamani. Litachangia tu ule utakaoongezeka baadaye. Jeki zikichukua sehemu ya mzigo kwanza, kisha zikalegezwa zege likishakomaa, ndipo kiraka nacho kinafanya kazi ya nguzo. Tena, nondo za wima zilizovuliwa zege, na ringi zake zimeliwa, zinaweza kupinda kwa uzito. Kwa hiyo hufunguliwa upande mmoja, ukatengenezwa, ndipo ufuate mwingine.

Mpaka wa chaki hukatwa kwa grenda, kina cha milimita 10 au zaidi kidogo, bila kugusa nondo, kwa sababu kiraka kinachoishia kwa ukingo mwembamba hukauka mapema na kumeguka. Uso laini unaoachwa na grenda nao hukwaruzwa.

Halafu kutindua. Mashine nzito ya kuvunjia ingemaliza kabla ya chai ya saa nne, lakini ingeacha nyufa ndogondogo katika zege zima linalobaki, na tabaka hilo lililochubuka lingekuja kubanduka pamoja na kiraka. Basi hutumika mashine ndogo ya mkono, na karibu na nondo ni tindo iliyonolewa. Mzee yule alikuwa akiielekeza tindo pembeni ya chuma, kamwe si kwenye chuma chenyewe, maana nondo ikigongwa mtikisiko husafiri nayo na kuiachanisha na zege zima huko mbele. Aliifuata kutu hadi akakuta chuma safi, akaongeza tena kama milimita 50. Kisha akaingia nyuma ya nondo, kwenye kiza, mahali ambapo mkaguzi mvivu hafiki. Huko panatakiwa uwazi wa milimita 20 hivi, ili zege jipya liizunguke nondo pande zote. Nondo ikiachwa nusu ndani ya zege jipya na nusu ndani ya zege la zamani lenye chumvi, pande hizo mbili huwa betri, na ule wa zamani unaliwa kwa kasi zaidi. Kipimo cha mzee kilikuwa kidole chake cha shahada: alikipitisha nyuma ya nondo kutoka juu hadi chini, taratibu, na kilipokwama alirudi na tindo.

Burashi ya waya peke yake haitoshi kwa kutu ya chumvi. Inang'arisha juu na kuacha chumvi kwenye vishimo vya chuma. Kupiga mchanga kwa kompresa ni bora, kisha kuosha kwa maji baridi ya bomba. Maji ya kisima chenye chumvi yangerudisha kilekile kilichotolewa. Na hewa ya kompresa isiwe na mafuta, maana tone moja linatosha kuharibu mshiko mahali lilipotua.

Usiku wa kuamkia kumimina, zege la zamani hunyweshwa maji. Likiwa kavu litafyonza maji ya zege jipya. Likiwa linachuruzika, vitundu vyake vimejaa na hakuna kinachoingia. Linalotakiwa ni rangi iliyoiva, ya kiza, isiyong'aa.

Siku kadhaa baadaye huja kipimo. Kiraka hukatwa kwa duara hadi ndani ya zege la zamani, kisahani cha chuma cha milimita 50 kikagundishwa juu ya duara hilo, kisha kikavutwa. Mara nyingi hutakiwa kistahimili newtoni 1.5 kwa kila milimita ya mraba, yaani mvuto wa karibu kilo 300. Namba ni muhimu, lakini mimi hutazama kwanza kilichong'oka. Kikitoka na uso laini, kimeachia kwenye maungio. Kwenye nguzo ya mzee yule, kisahani kilitoka na donge la zege la zamani, kokoto zake zimekatika katikati.