Wimbo wa Mwaka Uliopita

Msomaji, bila shaka umepata kuwasikia watu wazima wa Kisumu wakisema kwamba nyimbo za ujana wao zilikuwa bora kuliko za leo. Usiwacheke, wala usiwaamini upesi. Wataalamu wa elimu ya nafsi wameona kwamba mambo tuliyoyapata tangu umri wa miaka 10 hivi hadi 30 ndiyo tunayoyakumbuka zaidi, na nyimbo zimo. Basi mzee asifupo wimbo, yafaa umwulize kwa adabu: je, wausifu wimbo, au wausifu umri wako?

Twaa “Lunchtime”, wimbo wa Kiswahili wa miaka ya 1970 wa Gabriel Omolo. Wasimulia saa ya chakula cha mchana mjini, wakati mfanyakazi asiye na senti hujilaza nje badala ya kula. Mtu aliyetoka kando ya ziwa kwenda Nairobi kutafuta kazi, akiusikia leo, hukumbuka njaa yake mwenyewe, tena hucheka. Hapo maneno ndiyo yafanyayo kazi: yametaja saa na haja, na kumbukumbu haiwezi kutoroka.

Benga ni mambo mengine. Gitaa lake lafuata mapigo ya nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi 8. Mwimbaji husimulia kwanza, akiwataja watu kwa majina. Kisha sauti hunyamaza, magitaa yakakimbizana. Kwa maoni yangu, hapo pasipo neno ndipo kumbukumbu hupata nafasi. Jina lililosifiwa ni la mtu usiyemjua. Magitaa hayana mwenyewe, na kila msikilizaji humtia humo mtu wake, labda rafiki wa shuleni, labda dada aliyeolewa mbali.

Lakini mwaka haukai ndani ya wimbo kama omena mkavu guniani. D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati, Tanzania, aliyeongoza Shirati Jazz, alifariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu tarehe 17 Mei, 2006. Santuri zake hazikubadilika hata kidogo; hata hivyo, wako waliozicheza arusini ambao sasa husikia matanga ndani yake, wala hapana mpigaji aliyegusa uzi.

Ukitaka kuupima wimbo wa zamani kwa haki, mpigie kijana ambaye hakuwa amezaliwa ulipotoka. Usimwambie mwaka wala sifa zake. Magitaa yaanzapo kukimbizana, mwangalie miguu.