Kuipima Heda kwa Majina Isiyoyaleta

Watunga programu wengi wa C na C++ huisifu maktaba sanifu kwa wingi wa vitu vilivyomo. Mimi huanzia upande wa pili: nikiandika mstari mmoja wa #include, ni majina gani nisiyoyaomba yameingia? Katika C, majina ya fanksheni na ya vigeu vya nje hukaa uwanja mmoja, wala hakuna ukuta kati ya yako na ya maktaba. Heda mbovu ni mgeni uliyemwalika peke yake akatokea na ukoo mzima.

Kipimo cha kwanza hakichukui hata dakika. Ingiza <math.h>, kisha nje ya fanksheni zote tangaza int y1;. Anayechora mistari hana jina la kawaida kuliko hilo. Kwenye Linux, GCC iliyoachwa na mipangilio yake ya mwanzo itakataa, kwa sababu y1 tayari ni fanksheni ya hisabati, mojawapo ya zile zinazoitwa kwa jina la Mjerumani Friedrich Bessel. Sanifu ya C haina habari nayo. Imetoka kwenye desturi za Unix. Ongeza -std=c11 na kosa linatoweka. Hapo maktaba ya glibc naipa alama: mlango upo na unafungika. Hamia C++ uone. g++ kwenye Linux huwasha _GNU_SOURCE yenyewe, hata ukiandika -std=c++17, na y1 inarudi. Kutumia <cmath> hakukuokoi, kwani majina huingia ndani ya std na mengi hubaki nje vilevile. Sanifu ya C++ ya 1998 ilikataza jambo hilo, watengenezaji hawakulifuata, na ile ya 2011 ikaliruhusu. Sheria ilifuata uzembe, si kinyume chake.

Kisa cha getline kinanifurahisha zaidi. Kitabu cha Kernighan na Ritchie cha 1978, ambacho vizazi vimejifunzia C, kina fanksheni ya kusoma mstari iitwayo hivyo. POSIX ya 2008 ikaingiza getline yake, yenye vigezo tofauti, ndani ya <stdio.h>. Mwanafunzi anayenakili mfano wa kitabu neno kwa neno leo huambiwa na kompaila kwamba aina zinapingana, naye hudhani amekosea kunakili. Maktaba ikichukua jina jipya, ijiulize kwanza ni nani alikuwa analitumia.

Makro ndizo hatari kuliko zote, maana hubadilisha maandishi kabla kompaila haijayaelewa, na std:: haizizuii. <windows.h> si ya maktaba sanifu, lakini min na max zake zimeharibu std::min za watu wengi hadi ikabidi tujifunze kutangaza NOMINMAX kabla ya kuiingiza. glibc nayo ilikuwa na major na minor, makro za namba za vifaa, zilizopenyezwa kupitia <sys/types.h>, hata mwenye klasi ya matoleo ya programu akapata makosa yasiyoeleweka. Ziliondolewa humo mwaka 2018, katika toleo la 2.28. Ukitaka kuona makro zote, pitisha heda kwenye gcc -E -dM. Utakutana hata na linux na unix zenye thamani ya 1, ambazo hakuna heda iliyozileta: ni GCC yenyewe.

Kisha fungua heda uisome. Jicho lisilozoea huchukizwa na vigezo kama __n na __dest. Huo ndio ufundi wenyewe: majina yanayoanza na mistari miwili ya chini yametengwa kwa ajili ya maktaba, kwa hiyo hata ukiwa umeandika #define n 5 juu yake, heda haivunjiki. Tazama pia vprintf. Sanifu ya C inaitaka <stdio.h> iitangaze bila kulitoa jina va_list, ambalo ni mali ya <stdarg.h>. Fundi mzuri hutumia aina ya ndani yenye jina la siri. Mvivu huingiza <stdarg.h> yote.

Heda unazoandika mwenyewe zipimwe kwa ukali uleule. SQLite haina uwanja wa majina wa C++, lakini fanksheni zake zote za hadhara huanza na sqlite3_, na hazimgusi mtu. Ukiletewa heda yenye using namespace std; juu yake, irudishe kwa mwenyewe kabla hujasoma mstari unaofuata.